Marjorie Hickin, Mama wa Tagi Sita

Tumekutana hapa Tipton kumsindikiza Marjorie Hickin, binti Tranter, ambaye wengi wenu mlimwita Madge. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, Glenys, anayeusoma mbele yenu, naye ameuandika kwa masharti ya marehemu mwenyewe. Mwezi wa Januari mwaka huu, akiwa ameegemea mito mitatu kitandani, marehemu alimwambia: "Usije ukanifanya malaika. Watakaokuja wananijua, watakucheka. Waambie nilikuwa mwanamke mwenye wivu. Halafu waambie wivu wenyewe ulinifikisha wapi, maana hapo ndipo penye maneno."

Marjorie alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1935, katika safu ya nyumba zilizoupa mfereji mgongo, mtoto wa pili na wa mwisho wa Eli Tranter na mkewe Phoebe. Kaka yake, Leonard, alikuwa amemtangulia kwa miaka mitatu. Baba yao aliajiriwa na kampuni ya Pargeter na Wanawe wa Kiume. Mzee Pargeter hakupata kuwa na mtoto wa kiume hata mmoja. Ubao wa jina la kampuni aliuandikisha kwa matumaini, akajaliwa mabinti sita. Basi tagi zake, zile mashua nyembamba zenye injini zilizovuta misafara ya matishali ya makaa, alizipa majina ya mabinti hao: Enid, Hilda, Constance, Muriel, Agnes na Maud. Eli Tranter ndiye aliyeshika usukani wa Maud. Upana wa tagi hiyo ulikuwa futi saba tu, lakini ilipotoka handakini na matishali kumi na mawili nyuma yake, vyombo kabatini mwa Phoebe viligongana kabla haijaonekana.

Marehemu aliupenda mlio wa injini ile kuliko kengele ya kanisa. Alijua kwa sikio ni dada yupi anapita. Akiwa na miaka tisa, alikuwa akilala sakafuni na kusema, "Huyo Agnes, ana kikohozi," na mama yake akichungulia dirishani, ni Agnes kweli.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa iliyokuwa karibu na nyumbani, kisha shule ya wasichana, ambako alipata zawadi mbili za mwandiko mzuri. Lakini mwaka wake wa shule ambao hakuusahau ulikuwa 1946, kwa sababu ambayo haikuwa ya shule. Mwaka huo Leonard alitimiza miaka kumi na minne, akaacha shule, na baba akamchukua kwenye Maud kuwa msaidizi wake. Marjorie aliuliza yeye atachukuliwa lini. Nyumba nzima ilicheka. Baba alimwekea mkono kichwani akasema, "Wewe, mwanangu, utatupikia chai."

Kesho yake alipika chai, akaimwaga karoni. Kisha akachukua ndoo ya maganda ya viazi, akapanda darajani, akasubiri. Maud ilipopita chini, Leonard akiwa amesimama kwa mbwembwe na mkono mmoja kwenye usukani, ndoo yote ilimshukia. Eli aliinua macho, akamwona binti yake juu ya ukuta wa daraja.

"Madge!" alipaza sauti. "Ukitaka kumuua kaka yako, subiri afike nyumbani. Hapa ana kazi!"

Alicharazwa siku ile, na baadaye alisema kwamba viboko havikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba baba alisema "ana kazi".

Alipomaliza shule mwaka 1950, alijifunza kupiga chapa, na mwezi Septemba 1951 alianza kazi katika ofisi ya Pargeter. Hakuiomba kazi ile kwa sababu ya mshahara, maana kiwanda cha vyuma cha jirani kililipa vizuri zaidi. Aliiomba kwa sababu dirisha la ofisi liliangalia gati. Miaka kumi na sita alikaa pale, akiandika barua kwa mkono mmoja na macho yake yako majini. Yeye ndiye aliyetunza daftari la matengenezo: bamba lipi limebadilishwa na lini, misumari ya ribiti mingapi, injini yenye namba gani imehamishwa kutoka tagi ipi kwenda ipi. Leonard, aliyechukua usukani wa Maud baba alipostaafu, aliingia ofisini kila Ijumaa na viatu vya tope, na kila Ijumaa walibadilishana maneno ambayo makarani wengine waliyasubiri kwa hamu.

"Haya, karani," angesema Leonard, "andika: pampu inavuja."

"Pampu haivuji. Wewe ndiye hujui kuikaza."

"Njoo uikaze, basi."

"Niite, uone kama siji."

Hakumwita hata siku moja. Naye hakwenda bila kuitwa. Ndivyo walivyokuwa.

Tarehe 8 Juni 1957 alifunga ndoa na Stanley Hickin, fundi kufuli wa Willenhall, katika kanisa la Wamethodisti ambamo baadhi yenu mlibatizwa. Stanley alikuwa mtu mpole, mwenye vidole virefu na maneno mafupi. Alipokwenda kumchumbia, Eli alimwonya kwamba binti huyu ana wivu wa paka. Stanley alijibu, "Paka hamwonei wivu mtu asiyemtaka," akapewa. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Glenys, mwaka 1960. Mwaka uliofuata Eli Tranter aliaga dunia.

Kisha makaa yakahamia barabarani na relini. Mwezi Oktoba 1967 kampuni ya Pargeter ilifungwa. Siku ya mwisho, wafanyakazi walikuwa wakitupa makaratasi kwenye moto uani. Marehemu alipoona daftari la matengenezo likielekea huko, alilinyakua kutoka mkononi mwa msimamizi, akalifunga ndani ya koti lake, akatembea hadi nyumbani akiwa kama mwanamke mwenye mimba ya miezi saba. Alipouliza tagi zenyewe zinakwenda wapi, aliambiwa zimeuzwa, nyingine zimetupwa, nani anajali. Leonard alikuwa ameajiriwa wiki mbili zaidi kuondoa vyombo vilivyobaki. Angeweza kumuuliza. Alimpita mlangoni bila kumsalimia, maana machozi yalikuwa yakimlengalenga na hakutaka Leonard ayaone.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo ninyi watu wa chama cha mifereji mnamjua kwayo. Marehemu alianza kuwatafuta wale dada sita. Kila Jumapili baada ya ibada, Stanley aliendesha gari na marehemu alikaa pembeni na daftari mapajani, Glenys nyuma na mkate wa jibini na kitunguu. Alizungumza na wauza vyuma chakavu, walinzi wa malango ya maji, mapadri wa vijijini, wajane wa manahodha. Kila alichokipata alikipiga chapa kwenye kadi, na kadi ziliwekwa kwenye boksi la viatu, na maboksi yakaongezeka hadi Stanley alipouliza kwa upole kama viatu vyake vinaweza kurudi kabatini.

Agnes ndiyo aliyoipata kwanza, na aliipata maiti: ilikatwakatwa kwa moto huko Great Bridge mwaka 1969, na mwenye uwanja alimpa kipande cha bamba kikubwa kama sahani. Constance aliikuta mwaka 1974 karibu na London, imeongezwa urefu na kugeuzwa nyumba, ina mapazia ya maua, na wenye nyumba hiyo hawakuwa na habari kwamba wanalala ndani ya tagi. Muriel ilikuwa Worcester, ikibeba tope la kuzibua mfereji, injini yake ile ile ya silinda moja bado ikiwashwa asubuhi kwa kupashwa moto kichwa chake kwa mwali wa taa ya fundi. Marehemu alimwomba fundi azime, kisha awashe tena, kisha azime, kisha awashe. Mara ya nne fundi alimuuliza, "Mama, una haja gani hasa?" Stanley akamjibu kwa niaba yake, "Mwache, anaongea na mtu wa kwao."

Mwaka 1982 akajitokeza Bwana Desmond Fereday, mwalimu mstaafu wa Stourbridge, ambaye tunamshukuru kwa kuwa nasi leo. Bwana Fereday alikuwa na kalamu nyepesi, na alikuwa na kamera. Katika jarida la chama aliandika kwamba amempata Hilda huko kaskazini, karibu na Stoke, amepakwa rangi nyekundu na anatembeza watalii. Marehemu alilisoma jarida lile akiwa amesimama mlangoni. Hakula chakula cha mchana. Alivua mapazia yote ya nyumba, yaliyo safi, akayafua. Stanley alirudi kazini akakuta madirisha yako wazi na mkewe anakamua kitambaa kama anayenyonga kuku.

"Fereday?" aliuliza.

"Usinitajie jina la mtu huyo."

"Basi tagi gani?"

"Hilda! Hilda wangu! Mimi nimemtafuta Hilda miaka kumi na mitano, yeye amekwenda kula samaki na chipsi, amemkuta njiani!"

Jumapili hiyo hiyo walikwenda Stoke. Alilala kifudifudi kando ya mfereji, akaingiza mkono chini ya tezi, nyuma kabisa ya ile tagi nyekundu, akapapasa. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umetakata kama wa bibi harusi. Kulikuwa na kiraka chenye ribiti kumi na tisa upande wa kushoto, na kwa mujibu wa daftari kiraka hicho kilipigwa Februari 1953 kwenye tagi ya Enid, si Hilda. Barua yake kwa mhariri ilikuwa na sentensi mbili tu. Glenys alimuuliza mbona fupi hivyo. "Kisu kirefu cha nini," alijibu, "kama kifupi kinafika?" Hilda mwenyewe alimpata miaka mitatu baadaye, au nusu yake ya mbele, katika shamba moja la Penkridge, amegeuzwa hori la kunyweshea ng'ombe maji.

Ikabaki Maud. Maud ya baba yake. Hakuna aliyekuwa na habari nayo. Mmoja alisema imeuzwa Uholanzi, mwingine alisema iko chini ya mto Severn. Mzee mmoja kipofu wa Bloxwich alimwambia kwamba aliisikia ikipita mwaka 1970, na marehemu, ambaye hakuwa mjinga, aliandika hata hiyo kwenye kadi. Aliuliza nchi nzima. Mtu mmoja tu hakumuuliza, naye alikaa Coseley, mwendo wa mabasi mawili kutoka mlangoni pake.

Familia haifichi jambo hili, kwa kuwa marehemu aliagiza lisifichwe. Hakumuuliza kaka yake kwa sababu hakuweza. Kumuuliza kungekuwa kukiri kwamba Leonard alikuwa mahali ambapo yeye hakuwa. Alimwonea wivu kwa mikono yake, kwa kovu la mwali wa injini alilokuwa nalo kwenye kiwiko, kwa jinsi wazee wa mfereji walivyomsogezea kiti. Krismasi walikaa meza moja wakala bata mzinga, wakazungumza mpira na hali ya hewa. Jina la Maud halikutajwa.

Halafu, mwezi Aprili 1996, jarida lilichapisha picha ukurasa wa mbele. Ilikuwa Maud, mwaka 1947, imesimama gatini. Eli Tranter yuko tezini na kiko chake. Leonard yuko kando yake, kijana, ametunisha kifua. Na ukingoni mwa mfereji, hatua mbili kutoka kwao, amesimama msichana wa miaka kumi na miwili mwenye soksi zilizoshuka, anaitazama tagi. Chini ya picha Bwana Fereday alikuwa ameandika: "Eli Tranter, mwanawe Leonard, na mtoto asiyejulikana. Kwa hisani ya Bwana L. Tranter."

Marehemu hakufua mapazia siku hiyo. Alikaa. Stanley alimwita mara mbili, akamkuta amekunja jarida mapajani, na alichosema ni kwamba hakujua picha hiyo ipo. Miaka arobaini na tisa ilikuwa katika droo ya kaka yake, na ameitoa, akampa mgeni.

Alipiga simu Coseley. Glenys alikuwa jikoni, alisikia upande mmoja.

"Len. Huyo mtoto kwenye picha ni nani?"

Alihamishia simu sikio la pili.

"Nimekuuliza, ni nani?"

Kisha akaweka simu chini polepole, na kwa miaka kumi na minne hakumsemesha kaka yake. Stanley alipofariki mwaka 2003, Leonard alikuja mazishini amevaa suti nyeusi, wakapeana mikono kama watu waliotambulishwa siku ile ile.

Kuanzia vuli ya 2009 moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, ngazi zikawa mlima, na kitanda kikashushwa sebuleni kati ya maboksi ya kadi. Daktari alikuwa mkweli kwake, naye alipenda ukweli. Aliuliza amebakiwa na muda gani, akaambiwa labda mwaka, akasema, "Kadi moja haijakamilika." Mwezi Aprili 2010, bila kumweleza mtu, alivaa koti lake la kanisani asubuhi akamwambia Glenys ampeleke Coseley.

Leonard alikuwa bustanini, anachimbia vitunguu vyake. Alimwona dada yake akishuka garini kwa mkongojo, akaangusha uma wa kulimia. Aliingia ndani, akaweka maji motoni, akaleta chai na vikombe vile vyema vya marehemu mkewe. Wakakaa. Glenys alianza kusema kitu juu ya hali ya barabara, mama yake akamnyamazisha kwa kidole.

"Len," alisema. "Maud yuko wapi?"

Mzee alikitua kikombe.

"Miaka arobaini na mitatu," alisema. "Umewauliza wauza vyuma. Umewauliza mapadri. Umemuuliza hadi yule kipofu wa Bloxwich, watu wakaniletea habari wakicheka. Mimi kaka yako nimekaa hapa. Hapa, Madge! Kila Krismasi nasema, mwaka huu ataniuliza."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

"Ungeniambia, Len! Ulikuwa unajua natafuta!"

"Na wewe ulikuwa unajua kwamba najua! Nani mwingine angejua? Nilikuwa mtu wa mwisho kumshika!"

Wote wawili walikuwa wanapumua kama waliopanda kilima. Kisha Leonard akaeleza, akitazama mikono yake. Tarehe 14 Novemba 1967 aliamriwa kuivuta Maud hadi kwenye tawi la mfereji lililokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, lile lililokuwa linafukiwa. Injini ilikuwa imeshatolewa. Walimpa nyundo na tindo, wakamwacha peke yake, kwa kuwa kazi ilikuwa ya mtu mmoja. Alitoboa chini, bamba baada ya bamba, asubuhi nzima. Tagi ilishuka ikiwa wima, haikulala upande. Maji yalipofika juu ya sakafu ya tezi alivua kofia.

"Nilimshukuru Mungu kwamba Baba ameshakufa," alisema. "Nilipewa tagi ya Baba, nami ndiye niliyeizika. Ningekuja kukuambia hivyo? Wewe? Unazunguka nchi nzima unawafufua dada zake, magazeti yanakupiga picha. Nikiingia baa, watu wananiuliza, ati wewe ni ndugu wa yule mama wa tagi? Mimi! Niliyekaa kwenye tagi miaka ishirini na moja! Nilikuonea wivu, Madge. Nilikuonea wivu hadi nikaugua."

Marehemu alimtazama kama anayemwona mtu mpya.

"Wewe ndiye uliyenionea wivu mimi?"

"Nani mwingine?"

"Na picha?"

Leonard alifumba macho. "Fereday aliniletea bia. Akaniita nahodha. Akaniuliza huyu mtoto ni nani. Nikasema simjui." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilipotamka tu, nilijua nimefanya nini. Sikuwa na njia ya kulirudisha."

Marehemu hakumwambia kwamba amemsamehe. Alinyoosha kikombe chake, akasema, "Chai yako imepoa, na ni nyepesi kama maji ya mfereji. Weka nyingine." Leonard akainuka haraka kwenda kuiweka, na Glenys alimsikia jikoni akilia pamoja na mluzi wa birika.

Tarehe 11 Mei 2010, Jumanne asubuhi, walikwenda pamoja. Tawi lile la mfereji halipo tena, kiwanda cha matofali hakipo. Kuna supamaketi, na maegesho ya magari mia tatu. Leonard, mwenye miaka sabini na minane, alisimama kwenye pembe ya daraja lililobaki, akageuka, akaanza kuhesabu hatua kati ya magari huku Glenys akimsukuma mama yake nyuma yake kwa kiti cha magurudumu. Mama mmoja mwenye gari jeupe aliwapigia honi. Leonard alimwonyesha kiganja bila kugeuka, kama anayesimamisha msafara wa matishali.

"Hapa pua," alisema. Akatembea tena hatua ishirini na tano ndefu. "Na hapa tezi."

Palikuwa na zizi la vitoroli vya kununulia vitu, na gari dogo la buluu. Marehemu aliomba kitambaa chake cha shingo kitandikwe chini, akashuka kitini akisaidiwa, akaweka kiganja kwenye lami. Watu walipita na mifuko yao. Mfanyakazi wa duka alikuja kuuliza kama mama ameanguka. "Hapana, kijana," alisema Leonard, "yuko kazini."

Kisha marehemu aliinua kichwa. "Alishuka wima, ulisema."

"Wima kabisa."

"Ukamwona hadi mwisho?"

"Hadi mwisho."

"Basi hata hilo umenishinda, mbwa wewe," alisema, na machozi yakaanguka kwenye lami huku anacheka. "Hata mazishini ulitangulia wewe."

Leonard alipiga magoti kando yake, magoti ambayo daktari alikuwa amemkataza kuyapiga, na walikaa chini hapo kati ya magari hadi Glenys alipoogopa kwamba hataweza kuwainua wote wawili.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kwa mwili wake na mizuri kwa nafsi yake. Leonard alikuja kila Alhamisi na vitunguu ambavyo hakuna aliyeviomba. Walipitia kadi zote tena, yeye akisoma namba na kaka yake akimwambia kisichoandikwa: nani alikuwa zamu, mvua ilinyesha wapi, Agnes alikohoa kwa sababu gani. Walibishana kila wiki, na mara mbili Leonard aliondoka bila kofia. Bwana Fereday alipopata habari za Maud, aliandika barua nzuri ya kuomba radhi, na mwishoni akaomba ruhusa ya kuitangaza habari hiyo katika jarida. Marehemu alimjibu kwamba radhi ameipokea na ruhusa ameikataa. Alikuwa amebakiwa na pumzi chache, lakini hakukubali mtu mwingine amtangulie. Kijitabu chake cha tagi sita za Pargeter alikimaliza tarehe 20 Februari 2011, akipiga chapa kwa kidole kimoja. Ukurasa wa Maud aliupiga mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza hakuridhika na mstari wa mwisho. Sasa unasomeka: "Kwa ushahidi wa kaka yangu, Leonard Tranter, aliyekuwapo." Nakala ziko mlangoni, na ile picha imo ndani, ikiwa na majina matatu.

Alifariki Alhamisi, tarehe 3 Machi 2011, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, siku sita kabla ya kutimiza miaka sabini na sita. Leonard alikuwa amefika na vitunguu. Alimwuliza dada yake kama anahitaji kitu, naye akasema afungue dirisha la upande wa mfereji. Alifungua. Aliporudi kitandani, dada yake alikuwa ameshakwenda.

Marehemu ameacha kaka yake, Leonard. Binti yake, Glenys, na mkwewe, Alun. Wajukuu wawili, Bethan na Howell. Na tagi tatu zinazoelea hadi leo. Leonard ameomba jambo moja katika ibada hii, na familia imekubali: kwamba jeneza likitoka, yeye atembee nyuma yake, na asitangulie.

Ee Mungu, mpe Marjorie pumziko lisilo na mashindano, na amani ambamo hakuna wa kumwonea wivu.